Mpango wa mwaka wa safari za umisheni: safari nne zinabebeka? Na kati ya safari na safari tufanye nini?

Katibu wa Umisheni, Dodoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri wa watu waliokaa kwenye huduma hii ya safari za ndani ya nchi.

Kanisa letu liko mjini Dodoma. Timu ni watu 12: saba wameajiriwa, watano ni wakulima na wafanyabiashara wadogo. Baraza la wazee linataka mpango wa 2027 uwe mezani kabla bajeti haijapitishwa. Rasimu yetu ina safari nne za siku nane nane: Februari Lindi vijijini, Aprili Mishamo mkoani Katavi, Septemba Simanjiro, na Desemba vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Uvinza, mkoani Kigoma. Kila mahali tunafikiria nyumba kwa nyumba mchana, mkutano wa hadhara jioni na filamu usiku.

Vifaa tulivyonavyo ni projekta ya lumeni 3,500, spika mbili zenye amplifaya ndani, mixa ndogo, kompyuta mpakato na jenereta iliyoandikwa kW 2.5. Usafiri ni Land Cruiser mkonga moja. Watakaozidi watapanda basi.

Ninachoomba kujua: tarehe hizi zimekaa sawa? Vifaa vinatosha? Afya na fedha tuvipangeje? Na jambo linalowasumbua wazee zaidi: miezi ile tusiyosafiri, kamati ya umisheni inapaswa kuwa inafanya nini?

---

Mwinjilisti wa Jimbo, Tabora

Amina, dada katibu. Nianze na tarehe, maana zote nne zimekaa vibaya. Mmezipanga kwa kuangalia nafasi zenu. Nafasi za wenyeji hazijaangaliwa.

Lindi Februari: mwaka 2027 Ramadhani inaanza karibu na tarehe 8 Februari na kwenda hadi karibu na tarehe 9 Machi. Pwani ya kusini ina Waislamu wengi sana. Kupiga spika kijijini watu wakiwa kwenye tarawehe ni kukosa adabu, na kanisa dogo la pale litabeba uchungu huo mkiwa mmeshaondoka. Tena Februari ni mvua na watu wako shambani. Huko nendeni kati ya mwisho wa Juni na Agosti, ila ulizeni kwanza ratiba ya jando na unyago, maana likizo ya shule ya Juni na mwishoni mwa wiki nyingi za baada ya mavuno hujaa sherehe. Kuanzia Septemba ni korosho. Kijiji kizima kiko chini ya mikorosho.

Mishamo Aprili: Katavi ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mkifika Aprili mtakuta tope na watu wenye tumbaku na mahindi mikononi. Julai hadi Septemba ndiyo nafasi yake.

Simanjiro ni kinyume, na hapa timu nyingi zinakosea kwa sababu zinafikiri kiangazi kinafaa kila mahali. Kwa wafugaji, Septemba vijana na wanaume wamehama na ng'ombe kufuata malisho na maji. Mtakuta kina mama, watoto na wazee. Mifugo inarudi karibu na boma mvua zikishanyesha, kwa hiyo mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni ndipo mtapata familia nzima, maziwa yapo, na njia zimeanza kukauka. Kaeni kwanza na malaigwanani, viongozi wa jadi wa Wamasai, kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote pale bomani. Mkutano wa jioni usigongane na saa ya kukamua. Anzeni saa mbili usiku. Siku ya mnada msipange kitu kijijini asubuhi, watu wote wanakwenda mnadani.

Mwambao wa Tanganyika: kuandika Desemba tu hakutoshi, mwezi wa angani nao uangaliwe, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa vizuri, wavuvi hupumzika siku kadhaa na kushona nyavu. Basi mkitaka wanaume wawepo jioni, pangeni safari izunguke mwezi mpevu. Mwangaza wa mwezi unafifisha filamu kidogo tu. Ulizeni pia ofisi ya uvuvi ya wilaya kama ziwa litafungwa: mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kambi nyingi za wavuvi zikabaki tupu. Vijiji vingine hufikiwa kwa boti tu, na upepo wa kusi huchafua ziwa kuanzia Mei hadi Septemba. Boti iondoke alfajiri, na kila mtu awe na boya lake mwilini. Msikubali kuambiwa maboya yako chini ya mizigo.

Jambo dogo la saa ambalo waandaaji hulisahau: Kigoma iko magharibi mno, jua huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Filamu ya saa moja kamili itaonyeshwa kwenye mwanga na hakuna atakayeona sura. Tangazeni saa mbili kasoro robo.

Sasa idadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humo humo. Safari nne mara siku nane ni 32, na bado siku za barabarani. Wale saba hawawezi, labda wadanganye kazini, na mtumishi hawezi kwenda kuhubiri akiwa amedanganya. Ushauri wangu ni sehemu mbili kwa mwaka, kila moja ifikiwe mara mbili: mara ya kwanza timu kubwa, mara ya pili watu watatu wa ufuatiliaji, siku nne. Kwa 2027 chukueni Simanjiro mwanzoni mwa Juni na Mishamo mwishoni mwa Julai. Watatu warudi Simanjiro Septemba kwa ajili ya darasa la kina mama, na watatu Mishamo mapema Oktoba kabla mvua haijafunga njia. Lindi na mwambao tumeni watu wawili wawili wa upelelezi tu, ziwe za 2028.

Upelelezi ufanyike wiki sita hadi nane kabla ya safari kubwa. Hao wawili walete majibu haya yameandikwa: nani mwenyeji, tutalala wapi, choo kiko umbali gani, maji yanatoka wapi, mtandao upi unashika, kiwanja ni cha nani na ametoa ruhusa kwa maandishi, mnada ni siku gani, zahanati na kituo cha polisi viko kilomita ngapi.

Kibali: sheria inataka polisi wapewe taarifa ya mkutano wa hadhara saa 48 kabla. Msisubiri hizo 48. Barua ifike kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, siku 14 kabla, ikiwa imepitia kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ikae ndani ya gari. Iandike tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kiwanja, dhumuni, jina na simu ya mwandaaji. Kinachokwamisha mara nyingi ni barua kusema "wiki ya pili ya Juni" bila saa, au mwandaaji kuwa mtu wa Dodoma asiyejulikana pale. Mwandaaji aandikwe mchungaji mwenyeji. Spika zizimwe saa nne usiku, hata kama watu bado wanaimba.

---

Fundi Mitambo, Morogoro

Nijibu upande wa vifaa.

Hesabu ya umeme kwanza. Projekta ya lumeni 3,500 inakula wati 250 hadi 300. Spika mbili, hata kama ubavuni zimeandikwa 1,000 kila moja, kwa mahubiri na kwaya zinakula kwa wastani kama 400 zote mbili. Kompyuta 65, mixa 30, taa nne za LED za wati 20 ni 80. Jumla iko kati ya 800 na 900. Jenereta iliyoandikwa 2.5 kwa kawaida hiyo ni kilele chake; kwa saa nyingi mfululizo hesabuni kW 2 hadi 2.2, yaani wati 2,000 hadi 2,200. Inatosha na kubaki. Hasara ya mwinuko ni takribani asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo hata nyanda za Simanjiro haitawaangusha.

Kinachoua vifaa ni mpangilio mbaya wa kuwasha na kuzima, ukubwa wa jenereta hauhusiki. Washeni jenereta ikiwa haina mzigo, ikimbie dakika tatu, ndipo muwashe mixa, kisha projekta, na spika za mwisho. Kuzima ni kinyume: spika kwanza, halafu projekta kwa rimoti, na mngoje feni yake isimame yenyewe, ndipo jenereta. Petroli ikiisha katikati ya filamu, umeme hupanda na kushuka sekunde kadhaa kabla ya kukata, na hapo ndipo saketi ya projekta inapoungua au taa yake inapasuka kwa kukosa feni. Mtu mmoja apewe kazi ya petroli peke yake. Ajaze tangi kabla ya filamu, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Kwa mzigo wenu ulaji ni kama lita moja kwa saa. Jioni moja ya saa nne pamoja na majaribio ni lita tano. Jioni sita ni lita 30. Bebeni madumu mawili ya lita 20 ya chuma au ya plastiki ya mafuta, juu ya gari, yasikae ndani na abiria. Petroli ya vichupa ya kijijini mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa. Jenereta itaanza kukohoa na plagi itaota masizi. Plagi mbili za akiba na ufunguo wake vikae kwenye kisanduku.

Jenereta ikae mita 40 hadi 50 kutoka kwenye watu, upande upepo unakokwenda. Kebo iwe ya milimita za mraba 2.5. Watu hununua ekstensheni nyembamba ya 1.0 au chini ya hapo, wakaiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake. Inapata moto hadi plastiki inaungana. Ikunjueni yote. Pale inapokatiza njia, chimbeni mfereji wa kina cha kiganja mfukie.

Skrini nzuri ya kijijini ni kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, upana mita 3 kwa kimo mita 2, kilichoshonwa upindo pande zote na matundu ya kamba kila nusu mita. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana, kwa hiyo kwa mita 3 iwekeni mita 4.5 nyuma, juu ya meza imara. Kamba za juu zikazwe kabisa, za chini ziachwe na ulegevu kidogo, ili upepo ukija kitambaa kipumue badala ya kuvuta nguzo. Marekani ina faida nyingine: picha inaonekana upande wa nyuma, ingawa maandishi yanageuka, kwa hiyo uwanja unabeba watu mara mbili.

Sasa miezi ya kukaa, maana vifaa vingi vinafia stoo kuliko njiani. Mkirudi tu, ndani ya siku tatu, fungeni bomba la petroli na jenereta iendeshwe hadi ijizime, ili kabureta ibaki kavu. Petroli iliyolala mwezi au miwili ndani ya kabureta inageuka gundi na kuziba jeti. Ndiyo ile jenereta "ilikuwa nzima tulipoiweka". Tangi limwagwe. Kila mwezi tia nusu lita mpya, iendeshwe dakika 20 ikiwa na mzigo wa taa, kisha ikaushwe tena. Oili ya jenereta mpya hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100. Kwa vumbi letu mimi nasema 50. Inabeba kama lita 0.6, na kipimo chake huangaliwa injini ikiwa imesimama sawasawa. Andikeni saa kwenye daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mpini, la sivyo hakuna atakayekumbuka.

Chujio la projekta lipulizwe au lipigwe brashi laini baada ya kila safari, kila baada ya jioni mbili kama ni Simanjiro. Nyaya za maiki msizikunje kwa kuzungusha kwenye kiwiko. Nyuzi za ndani zinajisokota na kukatika karibu na kichwa. Kunjeni kwa mzunguko mpana wa mkono, mmoja juu mmoja chini, mfunge kwa kitambaa. Betri zitolewe ndani ya maiki zisizo na waya, zikivuja humo maiki imekwisha. Kama mna betri ya gari kwa taa, ichajiwe ijae, na ipimwe kila mwezi: volti 12.6 na kuendelea imejaa, chini ya 12.2 irudishwe kwenye chaja siku hiyo hiyo.

---

Muuguzi, Geita

Wapendwa, nitagusa yale yanayowaangusha watu wa safari hasa.

Malaria. Dodoma mjini maambukizi ni machache. Kigoma, Katavi, Tabora na Lindi ni mengi zaidi. Kila mtu abebe chandarua chenye dawa, cha mtu mmoja, na kamba nne za kufungia, maana nyumba ya mwenyeji haina misumari. Kichomekwe chini ya godoro. Kinachosahauliwa ni kwamba vimelea vinakaa mwilini wiki moja hadi mbili kabla homa haijaanza. Mtu anaugua akiwa amesharudi kazini, anasema ni uchovu wa safari, anakunywa panado siku nne. Kanuni iwekwe kwa timu nzima: homa yoyote ndani ya miezi miwili baada ya kurudi, kipimo siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu ulikotoka. Kipimo kikisoma chanya na ukaandikiwa dawa ya mseto (ALu), mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge vinne, vinne vingine baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, jumla 24. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, bila hivyo haifyonzwi vizuri. Usiache ukijisikia nafuu siku ya pili.

Ubatizo wa ziwani, mtoni au lamboni. Kichocho kipo sehemu nyingi, hasa maji yaliyotulia yenye majani kandokando. Vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ubatizo ufanyike saa moja asubuhi, mahali penye mchanga na mawimbi, pasipo na matete, na mbatizaji asikae majini dakika zaidi ya zinazohitajika. Waulizeni wavuvi kuhusu mamba na viboko, na jibu lao mlitii. Walioingia majini wapime mkojo na choo kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Mapema zaidi kipimo kinaweza kuonyesha hakuna kitu. Dawa yake hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo.

Katavi kuna mbung'o, wanaoambukiza malale. Wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na wanafuata gari linalotembea. Fulana za timu za buluu iliyokoza zibaki nyumbani; vaeni khaki au rangi hafifu, mikono mirefu, na vioo vya gari vifungwe porini. Homa isiyoisha na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mtajieni daktari kwamba mlipita kwenye mbung'o.

Nyumba za udongo za kanda ya kati zina papasi (aina ya kupe) nyufani, na wanaleta homa ya kurudirudi. Msilale sakafuni juu ya mkeka mtupu. Bora turubai, godoro na chandarua.

Nyoka akiuma: asikatwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe, asiwekewe jiwe. Mguu ufungwe kwenye ubao usitingishike, vua pete na viatu, apelekwe hospitali amelazwa. Ndiyo maana gari lisitumwe kufuata soda umbali wa saa mbili wakati timu nzima iko kijijini.

Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu kwa siku. Watu 12 kwa siku nane ni lita 288. Yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo cha kwenye chupa yake, yangoje nusu saa. Yakiwa ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kwani tope linakula dawa. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, pakiti 24.

Kama mnafikiria kutoa huduma ya tiba bure, mganga mkuu wa wilaya aidhinishe kwa barua, na anayeandika dawa awe na leseni hai. Kugawa vidonge viwanjani bila hayo ni hatari kwa mgonjwa na kwenu pia.

---

Mtunza Hazina, Mbeya

Nianze na mafuta, ambayo bajeti nyingi hukosea. Mfano: kilomita 1,500 za lami kwenda na kurudi, na 300 za ndani ya wilaya. Mkonga ya dizeli iliyopakia juu hesabuni kilomita 8 kwa lita kwenye lami na 5 kwenye njia mbovu. Hiyo ni lita 188 na 60, jumla 248. Ongezeni asilimia 10, kama 273. Bei tumieni ile elekezi ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya wilaya mnayokwenda, inatoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Ya mbali ni kubwa kuliko ya Dodoma. Ukikadiria kwa bei ya nyumbani, utaishiwa ukiwa njia ya kurudi.

Chakula: mlo mmoja wa ugali na mmoja wa wali kwa siku, watu 12, siku nane. Unga gramu 250 kwa mtu ni kilo 24. Mchele gramu 150 ni kilo 15 hivi. Maharage kilo 10. Mafuta lita 5. Sukari kilo 5. Juu ya hapo ongezeni theluthi, maana wapishi, watoto wao na wazee wa kanisa mwenyeji watakula nanyi, na ni haki yao. Nunueni kwenye soko la makao makuu ya wilaya, msibebe kutoka Dodoma. Kanisa la watu 30 lililowalisha wageni 12 wiki nzima bila msaada linabaki na deni dukani, na mwaka unaofuata halitawaita.

Fedha taslimu toeni mjini. Wakala wa kijijini mara nyingi hana salio la kuwapa laki tano kwa mkupuo. Pesa ikae kwa watu wawili, daftari kwa wa tatu, na kila jioni hesabu ifungwe kabla ya kulala.

Halafu hili nalisisitiza: kwenye kila bajeti, robo ya fedha iandikwe ufuatiliaji na ifungiwe. Safari ya milioni 4, milioni 1 haiguswi hadi timu irudi. Timu ikiishiwa njiani hiyo milioni ndiyo ya kwanza kuonekana "ipo tu". Isipokuwepo, zile nauli za Septemba na Oktoba alizosema mwinjilisti hazitapatikana, na waongofu wataachwa mikononi mwa mtu asiye na hata baiskeli.

Kadi za waliookoka ziwe na: jina, kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi au jirani anayemjua, namba ya simu na ya nani. Namba nyingi za kijijini ni za shemeji au za mtoto aliye mjini, bila hiyo "ya nani" utapiga na kuaibishana. Na safu mbili tofauti: aliyeamua kumfuata Kristo, na aliyeomba kuombewa ugonjwa au shida. Mhubiri akiwaita wote kwa pamoja wainue mkono mara moja, idadi itakuwa kubwa na taarifa itakuwa ya uongo. Watoto waandikwe peke yao, mzazi akijua. Kadi ziandikwe nakala mbili: moja ibaki kwa mchungaji mwenyeji usiku ule ule, na mtu wake amtembelee mwongofu ndani ya siku tatu.

Msipige picha kadi hizo na kuzitupa kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Zaidi ya sheria, kuna vijiji ambako mtu aliyebadili dini anaweza kufukuzwa nyumbani kwa picha moja.

---

Mama Mchungaji, Iringa

Mwanangu katibu, miezi ya katikati ndiyo huduma yenyewe. Nitakuandikia kazi za kamati kama tunavyozipanga huku.

Siku saba za kwanza baada ya kurudi hakuna kikao, hakuna zamu ya kwaya, hakuna kuhubiri. Watu wakae na familia zao. Jumapili ya pili ndiyo taarifa kanisani, dakika 20. Kabla ya hapo timu ikutane peke yake saa mbili, kila mmoja aseme kilichomuumiza na aliyemkwaza. Ugomvi wa safarini usipozikwa hapo utaota kwenye safari ijayo. Taarifa ya maandishi kurasa mbili, yenye hesabu, nakala ya kwanza iende kwa mchungaji mwenyeji. Yeye aisome kabla ya wafadhili, na aruhusiwe kusema "hapa si kweli".

Kila Alhamisi, mtu mmoja wa kamati apige simu kwa mwenyeji. Awe ni yule yule, saa ile ile. Aulize majina, asiulize idadi: fulani anakuja ibadani? Amebatizwa? Mumewe amesemaje? Maombi ya Ijumaa yatumie majina hayo.

Kabla ya safari, mke au mume wa kila anayekwenda aketi na mchungaji, akubali mwenyewe. Pesa ya chakula ya siku zote iachwe nyumbani siku ya kuondoka. Kwa wakulima wa Dodoma, Desemba na Januari ni kupanda, tena Januari ni ada na sare; miezi hiyo msimtoe mtu nyumbani. Mtumishi asiyelima msimu wake, mwezi wa saba atakuwa mzigo kwa ndugu.

Na msipeleke wale wale 12 kila mara. Fundisheni watu 20, waende 10 au 12 kwa zamu. Mafunzo yafanyike Februari hadi Aprili, jioni moja kwa wiki: ushuhudiaji, desturi za wenyeji, kufunga na kufungua vifaa gizani, huduma ya kwanza. Shule ya Jumapili ikipoteza walimu wake wanne mara nne kwa mwaka, watoto wenu wenyewe ndio wanaoachwa.

Nguo za mitumba msizigawe uwanjani mkutano unapoendelea. Mpeni mchungaji mwenyeji awafikishie wajane na wagonjwa anaowajua, mkiwa mmeshaondoka.

---

Katibu wa Umisheni, Dodoma

Mungu awabariki sana wazee wangu na mama. Nimeshafuta rasimu; tunakwenda na Simanjiro Juni na Mishamo Julai. Swali la mwisho kwa mwinjilisti: Mishamo tubebe Biblia za lugha gani, na za kiasi gani?

---

Mwinjilisti wa Jimbo, Tabora

Wakazi wengi wa Mishamo ni wale waliotoka Burundi mwaka 1972 na vizazi vyao, na sasa ni raia wa Tanzania. Msiwaite wakimbizi jukwaani, hata kwa bahati mbaya. Vijana wanasoma Kiswahili bila shida. Wazee wengi wanaomba na kuimba kwa Kirundi. Bebeni za Kiswahili katoni mbili, na za Kirundi zenye maandishi makubwa 15 hadi 20 kwa ajili ya wazee. Ulizeni mapema kwenye Chama cha Biblia hapo hapo Dodoma, za Kirundi huenda zikahitaji kuagizwa.

Makanisa ni mengi kule tangu zamani, na kwaya zao mtazikubali wenyewe. Kwa hiyo barua ya utambulisho iende kwa wachungaji wote wa eneo, si wa dhehebu lenu tu, na mkalimani wa Kirundi awe mtu wa pale. OCD mtakayemwandikia ni wa Wilaya ya Tanganyika, msipeleke Mpanda. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, msiiunganishe kwenye safari hiyo, kambini ni kibali kingine kabisa cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kinataka kuombwa mapema peke yake.